Muhuri Nyuma ya Picha ya Fahali

Mlionifuata tangu mwanzo wa ungamo hili mnajua jinsi nilivyoteremka, ngazi baada ya ngazi. Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi, maana aibu haipendi maelezo marefu.

Jina langu ni Nehemiah Andati. Nilisomeshwa na wamishonari, nikafundisha shule miaka thelathini na miwili, kisha nikastaafu na kufungua studio ya picha mjini Kakamega. Juu ya mlango niliandika: SIMAMA WIMA. Nyuma ya kila picha niligonga muhuri wa mpira wenye maneno haya: HIVI NDIVYO ALIVYO.

Muhuri huo ndio ulioniangamiza.

Kwanza nilimfutia mwimbaji mmoja wa kwaya chunjua la shavuni. Moja tu. Kisha makunyanzi ya bibi arusi aliyechelewa kuolewa. Kisha kidevu cha pili cha karani, ambacho kwa haki hakikuwa chake, kilikuwa cha chakula. Na wiki iliyopita niliwaungamia jinsi nilivyompaka pichani nywele za wino mweusi rafiki yangu Willis Shivachi, mgane ambaye kichwa chake hakina unywele hata mmoja, ili picha yake ipelekwe Lugari kwa mjane aitwaye Pascalia. Picha ilikwenda. Jibu likarudi: Mama Pascalia angekuja Jamhuri Dei kumwona Shivachi kwa macho yake.

Leo naungama habari ya ng'ombe.

Mwezi wa Novemba, mwaka 1994, Shivachi alikuja studio akiwa amevaa kofia. Tangu picha ile iende Lugari alikuwa havui kofia hata akila.

"Andati," akasema, "unajua mimi ni mwenyekiti wa kamati ya fahali kule Malinya."

"Najua."

"Mwaka jana wazee wangu watano walizunguka mabomani kupima fahali, ili tuwapange walio sawa wapigane. Unajua walipima nini?"

"Urefu wa pembe?"

"Kuku! Kila boma waliwekewa ingokho na obusuma, kuku kwa ugali. Aliyechinja jogoo wawili, fahali wake akapewa mpinzani mwenye kikohozi. Mzee mmoja alirudi kwake amebebwa kwa machela, si kwa ugonjwa, kwa shibe."

Nilitikisa kichwa kwa huzuni. Shivachi akanisogelea.

"Mwaka huu, kwa mapigano ya Jamhuri, hakuna mzee wa kukanyaga boma la mtu. Wewe utawapiga fahali wote picha, kila mmoja na mwenyewe kando yake, tujue kimo. Kamati itazipanga picha mezani na kuwalinganisha. Basi. Kila mtu wilayani anauamini muhuri wako."

"Sijapata kumpiga mnyama picha, Shivachi."

"Mimi ulinipiga nikatoka na nywele. Ng'ombe tayari anazo." Kisha akanikazia macho. "Lakini kwa fahali, Andati, kweli tupu. Mimi ni jambo la moyo. Fahali ni jambo la watu."

Nikaapa. Niliapa nikiwa nimesimama wima, chini ya maandishi yangu mwenyewe.

Kiapo hicho kilidumu siku tatu.

Siku ya tatu nilifika kwa Chrispinus, mtu mfupi, mwepesi wa maneno, aliyekuwa na fahali aitwaye Greda. Mwenye kumpa mnyama yule jina la mashine ya kutengeneza barabara alikuwa mtu wa imani kubwa. Greda alikuwa mdogo. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya mto. Pembe ya kushoto ilikuwa imevunjika katikati, na jicho lake lilikuwa la upole, kama la mtoto aliyesahau kitabu nyumbani.

"Mwalimu," Chrispinus akasema, "wewe unaona nini hapo?"

"Naona fahali."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Mwalimu. Miaka sita hii ng'ombe yangu inapiganishwanga saa moja asubuhi, wakati watu bado wanatafuta viatu. Na nani? Na ndama! Hakuna ngoma, hakuna mwanamke wa kupiga kigelegele. Ni mimi na yeye na umande. Mashemeji zangu wananiuliza, 'Shemeji, Greda amelima barabara gani leo?'"

"Pole."

"Mimi sitaki ashinde. Nataka siku moja tu aingie uwanjani mchana, asikie ngoma ya isukuti ikilia juu yake. Siku moja, Mwalimu. Halafu arudi kwa mkokoteni wake."

Nilimtazama Greda. Greda akanitazama. Nami, niliyewaadhibu watoto kwa kunakili hesabu za jirani, nilijisikia nikisema, "Kile kichuguu pale, anaweza kupandishwa juu yake?"

Tulimpandisha Greda juu ya kichuguu. Nikaiteremsha kamera hadi miguu yake mitatu ikalala chini, nami nikalala kifudifudi nyuma yake, suti na yote. Nyuma ya Greda palikuwa na mikaratusi mizito yenye kiza, mahali pazuri kwa kazi niliyokuwa nimeanza kuiwaza.

"Wewe Chrispinus, piga magoti kwenye majani."

"Nisali?"

"Upungue."

Alipiga magoti, majani yakamficha hadi kiunoni, akaonekana kama mtu aliyesimama chini ya mlima.

"Greda," nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "inua kidevu. Toa kifua. Usitafune mbele ya wageni."

Wallahi, ningekuwa mtu wa kuapa ningeapa: fahali yule aliinua kidevu. Katika miaka thelathini na miwili sikupata mwanafunzi aliyetii namna ile.

Niwaeleze kazi yangu, ili mjue uzito wa dhambi. Picha huzaliwa kwenye filamu ambamo cheusi huonekana cheupe, na cheupe huonekana cheusi. Ukipaka penseli pale juu ya filamu, mahali hapo hung'aa pichani. Ukikwangua kwa wembe, mahali hapo huwa giza. Kwa penseli nilizijaza mbavu za Greda, moja baada ya nyingine, kama fundi anayeziba nyufa za ukuta. Nilimnenepesha shingo. Kisha, mbele ya ile mikaratusi yenye kiza, nilimchorea nusu ya pembe iliyokosekana, ikachongoka hata mimi mwenyewe nikarudi nyuma kidogo.

Mke wangu Teresa aliingia na chai, akaiona picha ikikauka.

"Huyu ni nani?"

"Greda wa Chrispinus."

"Yule anayepitanga hapa akivuta mkokoteni wa nyasi?"

"Huyo."

Aliweka kikombe chini polepole. "Nehemiah. Umempa pembe."

"Nimemrudishia. Alikuwa nayo zamani."

"Hata mimi nilikuwa na meno yote zamani. Ukipiga huo muhuri, Baba, mimi sipo."

Nikangoja atoke nje. Nikaupiga.

Kama ningeishia hapo, ungamo hili lingekuwa fupi na pengine Malinya ningeweza kupita mchana. Lakini kesho yake nilifika kwa Masinde, mchimba dhahabu aliyehamia Ikolomani majuzi na kujenga kando ya mashimo yake. Fahali wake aliitwa Kifaranga, jina alilopewa siku aliyozaliwa, kabla mtu yeyote hajajua angefika wapi.

Alifika mbali. Alipotoka zizini, niliona kwanza kichwa, nikangoja, nikaona shingo, nikangoja tena. Kivuli chake kilitufunika mimi, kamera na mbuzi wawili.

"Mwalimu, nisaidie," Masinde akasema, na lile jitu la mtu lilikuwa karibu kulia. "Nifanyie awe mdogo."

Nilidhani masikio yangu yamezeeka.

"Kule nilikotoka, miaka miwili hakuna mtu anayekubali kupigana naye. Nikifika uwanjani, watu wanakumbuka wameacha sufuria kwa moto. Fahali anakula, analala, anazeeka, hajaguswa hata na nzi mwenye adabu. Atakufa bila kupigana, Mwalimu. Si hiyo ni dhambi?"

"Dhambi ni kudanganya kamati," nikasema kwa ukali.

"Na yule wa Chrispinus je? Chrispinus ameniambia. Yeye alikuwa na furaha, hangeweza kunyamaza."

Hapo ndipo elimu yangu iliponisaliti. Nilijiambia hivi: mwamuzi hapaswi kumpendelea mtu. Ikiwa nimempa Chrispinus hila, kumnyima Masinde ni upendeleo. Na upendeleo ni uovu. Basi ili niwe mtu wa haki, sharti nidanganye mara ya pili. Hoja hiyo niliiona imenyooka kama rula. Mpaka leo nikiipima siioni ilipopinda, ila najua imepinda.

Tulimsimamisha Kifaranga ndani ya shimo la zamani la dhahabu, lililomfikia magotini, tukapanga majani mbele yake. Masinde akapanda juu ya jiwe. Mimi nikapanda ngazi na kumpiga kutoka juu. Kisha, mjini, nikashika wembe. Nilimkwangulia mbavu. Nilimkwangulia mashavu. Nilimpa unyonge wa mnyama aliyefiwa.

HIVI NDIVYO ALIVYO, muhuri ukasema.

Fahali wengine kumi niliwapiga kwa kweli tupu, na hiyo ndiyo iliyokuwa faraja yangu kanisani.

Kamati ilikaa. Picha kumi na mbili zikapangwa mezani. Sikuwapo, lakini nilisimuliwa. Walilinganisha huyu na yule, wakabishana, wakanywa chai kavu. Mwishoni Shivachi akaokota picha mbili, akaziweka bega kwa bega, akapiga meza.

"Tazameni! Kimo kimoja. Kifua kimoja. Mapacha wa mama mmoja! Hawa ndio wa kufungia siku, saa nane mchana, mbele ya wageni."

Mmekwisha kujua alikuwa ameshika picha zipi. Mimi nilijua siku nne kabla ya Jamhuri, nilipoona karatasi imebandikwa mtini sokoni: GREDA NA KIFARANGA. Nilikaa chini palepale, kwenye gunia la maharagwe ya mtu.

"Mwalimu, unauziwa ama unapumzika?" mwenye gunia akaniuliza.

Nilimwendea Chrispinus mbio. Nilimkuta anamwogesha Greda kwa sabuni, anamwimbia.

"Jitoe," nikamwambia. "Sema anaumwa."

"Mchana, Mwalimu! Saa nane! Mashemeji wote wanakuja!"

"Ni Kifaranga, Chrispinus."

"Picha yake nimeiona kwa kamati. Ni ng'ombe ya kawaida tu. Imekonda, masikini." Akanishika mkono kwa povu. "Na si umeigonga muhuri wewe mwenyewe?"

Nilifungua kinywa kumwambia kwamba muhuri ule ni uongo. Nikasema tu kwamba sabuni inamwingia Greda jichoni. Nikarudi mjini.

Siku ya Jamhuri, Malinya ilijaa watu hadi juu ya miti. Jukwaani alikuwapo Shivachi, suti nyeusi, kofia imebana, na kando yake mama mmoja mtulivu mwenye kitambaa cha bluu kichwani, mkoba magotini. Mama Pascalia alikuwa amefika. Walikuwa wanakula njugu kutoka karatasi moja. Katika umri wangu nimeona wachumba wengi. Hawa wawili walikuwa wamekwisha pendana kabla ya saa tano.

Aliponiona, Shivachi aliniita nikae mbele. Teresa akakaa nami, mdomo ameufunga kama bahasha.

Saa nane ikafika. Shivachi akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Mwaka huu hakuna kuku! Mwaka huu ni haki! Fahali hawa wamelinganishwa kwa picha za Mwalimu Andati, mtu ambaye hajapata kusema uongo tangu alipobatizwa!"

Watu wakashangilia. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Kutoka kusini akaingia Greda. Alikuwa anang'aa kwa sabuni, na nusu ya pembe yake ilikuwa imefungwa utepe. Chrispinus alitangulia akirukaruka, mashemeji wakimfuata na matawi.

Kutoka kaskazini akaingia Kifaranga.

Kelele zilikatika. Ilikuwa kama mtu amefunika chungu. Kisha, mahali fulani nyuma, mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyu mdogo amekuja na baba yake?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Watu waliangukiana. Mzee mmoja alidondoka kutoka tawini, akaendelea kucheka chini.

Chrispinus hakucheka. Alisimama katikati ya uwanja, kamba mkononi, akimtazama Kifaranga kutoka kwato hadi pembe, na safari ya macho yake ilikuwa ndefu.

"Masinde," akaita, "umebadilisha ng'ombe!"

"Wewe ndiye umebadilisha!" Masinde akajibu kwa uchungu. "Mimi nilitaka mpinzani, umeniletea kitoweo!"

"Wamebadilisha!" watu wakaitikia. "Mmoja amebadilisha! Achinjwe!"

Nieleze kanuni ya kamati ile. Fahali aliyebadilishwa kwa hila huchinjwa uwanjani, nyama ikagawiwa watu. Asiyebadilishwa sharti apigane. Kwa hiyo Greda alikuwa na njia mbili tu, na zote ziliishia katika sufuria. Na vijana walikuwa wamekwisha anza kuulizana nani ana chumvi.

Shivachi aliinua mkono. "Tulieni! Mwenye kujua yupo. Mwalimu Andati, panda hapa. Sema mbele ya watu: fahali hawa ndio uliowapiga picha, ama siyo?"

Nilipanda. Shivachi alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akaninong'oneza, harufu ya njugu ikinijia.

"Andati, umefanya nini?"

"Niliwatengeneza."

"Wote wawili?"

"Mmoja juu, mmoja chini."

Alifumba macho. Kisha akasema upesi upesi, "Sikiliza. Sema picha ni za kweli na Chrispinus amebadilisha. Nitamtafutia fahali mwingine, naapa. Lakini usiseme kwamba muhuri wako hudanganya. Si leo. Huyu mama ana picha yangu mkobani."

"Shivachi, ni fahali wa pekee wa yule mtu."

"Na huyu ni mama wa pekee kwangu! Miaka tisa nakula peke yangu, Andati. Tulikaa dawati moja, mimi na wewe."

Ni kweli. Tulikaa dawati moja, tukachapwa fimbo moja. Nilimtazama Chrispinus kule chini. Alikuwa amemkumbatia Greda shingoni, ameuficha uso wake nyuma ya sikio la mnyama. Nikamtazama Teresa. Hakuwa na huruma hata kidogo.

"Mwalimu," akasema kutoka kitini, na watu wa mbele wote walimsikia, "watoto wa watu uliwafundishanga nini? Ukikosa, unafanya nini?"

"Unasimama," nikasema.

"Basi si umeshasimama? Endelea."

Nilichukua kipaza sauti.

"Fahali hawa ndio haohao," nikasema. "Hakuna aliyebadilishwa. Mimi ndimi niliyewabadilisha, kwa penseli na wembe. Greda nilimweka juu ya kichuguu. Kifaranga nilimweka ndani ya shimo. Pembe ya Greda niliichora. Mbavu za Kifaranga nilizichonga. Kisha niligonga muhuri. Muhuri wangu ni mwongo, na mwenye muhuri ni mwongo zaidi. Msimchinje mnyama wa mtu kwa kosa la mpiga picha."

Nilingoja mawe. Badala yake nilisikia kicheko kikianza upande mmoja na kuzunguka kama maji katika karai.

"Mwalimu, basi hata ile ya dada yangu!" mmoja akapaza sauti. "Ndiyo maana shemeji alirudi kuuliza yuko wapi yule wa kwenye picha!"

"Na mimi sina videvu viwili?" akauliza karani.

"Unavyo, ndugu yangu," nikasema. "Vyote viwili."

Kamati iliinamiana, ikainuka. Shauri likatangazwa: pambano limevunjwa, fahali warudi nyumbani salama, Mwalimu ataitwa mbele ya kamati. Chrispinus akainua uso. Nilijua kwamba Greda amepona, lakini pia niliona kitu kingine usoni pake: mchana wake ulikuwa umekwisha kabla ngoma haijalia.

Ndipo Mama Pascalia aliposimama.

Hakuwa na haraka. Alifungua mkoba, akatoa picha, akaigeuza nyuma, akasoma kwa sauti, nacho kipaza sauti kikampokea.

"'Hivi ndivyo alivyo.'" Akanigeukia. "Mwalimu, mimi mambo ya fahali sijui. Mimi nimetoka Lugari na hii. Muhuri si ni huu?"

"Ni huu, Mama."

"Na ndivyo alivyo?"

Shivachi aliishika kofia kwa mikono miwili, akaivuta hadi masikioni.

Macho yangu yakaenda kofiani. Jibu jingine halikuhitajika. Watu elfu mbili waliitazama kofia ile kwa pamoja, na mtu wa kwanza akasema, "Vua!" Wa pili akasema, "Vua!" Punde uwanja wote ukaimba, "Vua! Vua! Vua!" Na wapiga isukuti, ambao tangu asubuhi walikuwa wakiingoja saa nane yao, hawakuweza kujizuia. Wakaidaka sauti ile. Ngoma zikalia.

Greda alizisikia.

Miaka sita alipigana katika umande na kimya. Sasa ngoma zilikuwa zinalia, na yeye ndiye aliyekuwa katikati. Aliinua kidevu, vilevile nilivyomfundisha. Akatoa kifua. Kamba ikamponyoka Chrispinus, na yule mvuta mkokoteni akamwendea Kifaranga mbio, nusu pembe mbele, utepe ukipepea.

Kifaranga hakuwa amepata kumwona fahali akimjia. Miaka miwili wote walikuwa wakimkimbia. Alimtazama Greda kwa mshangao, akatazama nyuma kuona kama kuna mwingine anayekusudiwa, hakuona mtu. Akageuka. Akatoroka.

"Kifaranga!" Masinde akalia akimfuata. "Rudi! Wewe ndiye mkubwa! Wewe ndiye mkubwa!"

Njia ya karibu ya kutokea ilipita jukwaani. Kifaranga akaichukua. Sisi tuliruka, kila mtu kwa umri wake. Meza ilikwenda huku, njugu kule. Nilipoinua kichwa kutoka mapajani mwa mjumbe mmoja wa kamati, Kifaranga alikuwa anaingia katika mikaratusi, na juu ya pembe yake ya kulia, ikikaa vizuri kabisa, ilikuwa kofia ya Shivachi.

Uwanjani walikuwa wamembeba Chrispinus juu juu. Mashemeji ndio waliombeba. "Greda! Greda!" waliimba, na mtu mfupi yule alikuwa analia huku anacheka, na Greda alikuwa anakula utepe wake.

Lakini jukwaani mambo yalikuwa mengine.

Shivachi alikaa chini, miguu mbele, bila kofia. Jua la Disemba lilikipata kichwa chake chote na halikukosa hata pembe moja. Mama Pascalia alisimama mbele yake. Alitazama picha. Alitazama kichwa. Alitazama picha tena.

"Nilikuwa nazo," Shivachi akasema kwa sauti ndogo. "Zamani."

Mama Pascalia aliishusha picha. Alinigeukia mimi.

"Mwalimu. Ile chupa ya wino mweusi bado unayo?"

Sasa nawaungamia, ninyi wasomaji wangu, jambo nililowaficha wiki zote hizi, na ambalo hata Shivachi sikumwambia. Juma lilelile nililompaka rafiki yangu nywele, mama mmoja alishuka kutoka Lugari, akaja studio akiwa amefunga kitambaa cha bluu. Alitaka picha ya kumpelekea mgane mmoja wa Malinya. Nilimpiga. Baada ya hapo akaniomba jambo moja kwa unyonge, nami nikachovya brashi, nikampaka nywele nyeusi, nene, zinazochungulia pembezoni mwa kitambaa, mahali palipokuwa na ngozi tupu. Kwa wino wa chupa ileile.

"Bado ninayo, Mama," nikasema.

"Willis," akasema yeye, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo mbele ya watu, "toa picha yangu mfukoni. Ishike vizuri. Itazame."

Shivachi akaitoa. Akaiinua mbele ya uso wake. Upande wa nyuma, muhuri wangu ulisomeka hadi mahali nilipokuwa.

Mama Pascalia akainua mikono yake kisogoni. Teresa akanishika bega kwa nguvu. Kitambaa kile kilikuwa na mafundo mawili.

La kwanza likafunguka.